Uvimbe kwenye kongosho sio lazima iwe kansa: mwongozo kamili wa kuitafuta TB ya kongosho ukiwa Kigoma au Tabora

Ndugu zangu, hii naiandika kwa watu wa aina mbili, we unaemuuguza mtu nyumbani, na mwenzangu ulieko zahanati au kituo cha afya huko Uvinza, Kasulu, Urambo, Sikonge, ambae mgonjwa anakujia wa kwanza kabla hajafika kwa wakubwa. Jambo lenyewe liko hivi: mtu anakonda, tumbo linamuuma, anapigwa utrasaundi anaambiwa ana uvimbe kwenye kongosho, basi hapo hapo familia inaanza kulia kwamba ni kansa, mzee anarudishwa kijijini, ng'ombe wameshauzwa, na hakuna hata mtu mmoja aliekata kinyama, yaani kipande kidogo cha huo uvimbe, akakipima. Wakati kuna ugonjwa unaofanana na kansa ya kongosho karibu kila kitu, maumivu, kukonda, macho kuwa njano, hadi picha ya CT (eksirei ya mashine kubwa inayoonyesha ndani ya mwili) inafanana, na ugonjwa huo mara nyingi unapona kwa vidonge vya miezi 6 ambavyo serikali inatoa bure. Ni TB.

Sisemi kila uvimbe wa kongosho ni TB, tuelewane. TB ya kongosho ni adimu hata kwenye nchi kama yetu ambayo WHO wameiweka kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na wengi wenye uvimbe pale, hasa watu wazima wa miaka 50 kwenda juu, watakutwa na kansa kweli. Ninachokiomba ni kimoja, usimfungie mtu jalada kabla kinyama hakijachukuliwa, na kikichukuliwa kipimwe TB pia. Duniani kuna watu waliofanyiwa operesheni kubwa ya kutoa kichwa cha kongosho kwa kudhani ni kansa, afu baada ya kukatwa ndo maabara inasema ilikuwa TB. Inauma sana hiyo.

Inafikaje huko

Kongosho linakaa nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo, ndo maana maumivu yake yanaanzia chembe ya moyo yanatoboa mpaka mgongoni. Wadudu wa TB mara nyingi wanatoka kwenye mapafu wanasafiri na damu, au wanaanzia kwenye mitoki iliyozunguka kongosho afu wanasambaa pale jirani. Njia nyingine ni kumeza, na hapa ndo yanapoingia maziwa mabichi, maana TB ya ng'ombe ipo na kwa wafugaji wa Igunga, Nzega, Kaliua kuna watu wengi wanakunywa maziwa ambayo hayajaona moto. Hiyo ya maziwa iandike kwenye faili, itakuja kuwa na kazi kwenye kuchagua dawa.

Hatua ya 1: kushuku

Hapa ndo wengi wanapotea mapema kabisa, kwa sababu huku kwetu kila tumbo ni taifodi au vidonda vya tumbo. Mtu anapimwa Widal anaambiwa taifodi anapewa sipro, wiki mbili anarudi, anapewa omeprazoli, mwezi anarudi, anabadilishiwa duka la dawa, na kila siku suruali inazidi kumpwaya. Kwa hiyo weka sheria yako mwenyewe: maumivu ya chembe ya moyo yaliyopita wiki tatu nne, anakonda bila kujinyima chakula, hapo acha kumpa sipro nyingine. Na sipro yenyewe na ndugu yake levofloksasini zina tatizo la ziada, zinampunguza nguvu mdudu wa TB bila kummaliza, mgonjwa anapata nafuu ya uongo siku chache na vipimo vinaweza kutoka hasi wakati ugonjwa upo. Vivyo hivyo deksamethazoni na predinisoloni wanazochomwa au kupewa watu "za maumivu", usimpe mtu ambae hujajua anaumwa nini.

Dalili zinazonifanya nifikirie TB ni homa za jioni, kutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, kukosa hamu ya kula, kukonda, mitoki shingoni au kwapani, umri mdogo yaani miaka 20, 30, 40. Halafu historia: aliwahi kuumwa TB au alikaa nyumba moja na mwenye TB, anaishi na VVU, ana kisukari, karudi machimboni, kakaa gerezani au kambini, anakunywa maziwa mabichi. Lakini usisubiri zote zikamilike, wapo ambao hawana homa kabisa, na kikohozi wengi hawana. Macho ya njano yanakuja pale uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho, sehemu ambayo ndo inashikwa zaidi, unakuta unabana mrija wa nyongo, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinakuwa cheupe, mwili unawasha.

Na hapa naomba usome mara mbili: mtu mwenye macho ya njano akianza homa kali na kutetemeka, au anatapika kila anachokula, au anatapika damu, huyo haingii kwenye foleni ya vipimo taratibu, huyo anakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: mshike mgonjwa

Mvue shati mpapase. Shingo yote, juu ya mfupa wa bega, kwapani, kinenani. Mtoki wa shingoni unaweza kuwaokolea safari nzima ya Dar, kwa sababu sindano ndogo ya pale shingoni ni rahisi na salama kuliko sindano ya kongosho, na ikitoka TB pale umeshapata ushahidi mkubwa wa kuanzia. Papasa tumbo, angalia kama kuna maji, bandama, ini. Mpime uzito na UANDIKE, maana baadae uzito ndo utakuambia dawa zinafanya kazi au hapana.

Hatua ya 3: vipimo vya hapa hapa

VVU, kila mtu, bila kuangalia sura wala umri. Sukari, kwa sababu kongosho likiharibika sukari inapanda, na sukari mpya kwa mtu mzima anaekonda inaongeza wasiwasi wa kansa pia. Picha kamili ya damu, vipimo vya ini na figo. Eksirei ya kifua. Makohozi kwenye GeneXpert, ile mashine ya maabara inayotafuta vinasaba vya mdudu wa TB, hata kama hakohoi vizuri, jaribu kupata ya asubuhi, kwa sababu ikionekana TB kwenye mapafu kazi imepungua sana. Eksirei ikitoka safi usimwambie "huna TB", wengi wenye TB ya kongosho mapafu yao yanaonekana hayana shida.

Kwa anaeishi na VVU kuna kipimo cha mkojo cha LAM, hasa kama kinga imeshuka au kalazwa, kinatoa jibu ndani ya dakika 25 na hakitaki mashine yoyote. Mkojo tu. Mtu hawezi kutoa makohozi, hawezi kusafiri, ila mkojo anao, na kikitoka chanya unaanza matibabu wakati unaendelea kutafuta mengine.

Kile kipimo cha kuchoma chini ya ngozi ya mkono na kile cha damu cha kuangalia kama mwili umewahi kukutana na TB, visikupotezee muda wala hela. Vinasema tu mdudu amewahi kuingia mwilini, havisemi kama ndo anaeleta ugonjwa leo, na kwa mtu mwenye kinga ndogo vinaweza kutoka hasi hata ugonjwa ukiwa mkali.

CA 19-9 nayo, kile kipimo cha damu, watu wanaambiwa "kipimo cha kansa kimepanda" wanazimia. Kawaida ni chini ya 37, sawa, ila mrija wa nyongo ukibanwa na kitu chochote kile, iwe jiwe, iwe TB, namba inapanda. Na kuna watu wachache ambao miili yao haitengenezi kabisa hicho kitu kwa hiyo hata wakiwa na kansa haipandi. Kwa namba hiyo peke yake usimhukumu mtu.

Hatua ya 4: utrasaundi, lakini mwambie anaepiga unatafuta nini

Ukiandika kwenye fomu "maumivu ya tumbo" tu, utajibiwa kijuu juu. Andika: nashuku TB ya tumbo, naomba uangalie kongosho, mitoki ya kuzunguka kongosho na mshipa mkubwa, vidoa vidogo vidogo kwenye bandama na ini, maji tumboni, mirija ya nyongo. Mgonjwa aende na njaa, asiwe amekula kwa masaa 6 hivi, kwa sababu gesi na chakula vinaficha kongosho na utajibiwa "kongosho halikuonekana vizuri", jibu ambalo halina maana kwamba ni zima. Kwa mwenye VVU, mitoki mikubwa ya tumboni pamoja na vidoa kwenye bandama inasukuma sana kuelekea TB. Kama kuna maji tumboni yavutwe yapimwe, aina ya seli, protini, GeneXpert, na ADA (kimeng'enya kinachopanda kwenye maji hayo mtu akiwa na TB) kama maabara inaifanya, ikizidi 39 hivi TB inakuwa na nguvu. GeneXpert ya maji ya tumbo inakosa wagonjwa wengi, kwa hiyo hasi ya pale haifuti kitu.

Hatua ya 5: CT

Kwa mkoa wa Kigoma utaanzia Maweni, kwa Tabora ni Kitete, na walioko upande wa Igunga wana Nkinga. Piga simu kwanza uulize kama CT inafanya kazi wiki hiyo na mtaalamu wa kuisoma yupo, usimpandishe mgonjwa basi kutoka Kibondo kwa kubahatisha. CT iwe ya kuchomwa dawa ya mshipani, bila ile dawa picha ya kongosho haisaidii sana, na figo ziwe zimepimwa kabla. Kama hapo mkoani haiwezekani basi rufaa ni Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma, au Muhimbili.

Picha ya TB mara nyingi inaonyesha uvimbe wenye uji uji katikati na ukingo unaowaka baada ya dawa, wakati mwingine umegawanyika vyumba vyumba, na mitoki ya pembeni nayo ina katikati peusi. Kitu kinachonifanya nisimame ni hiki: uvimbe mkubwa uko kwenye kichwa cha kongosho lakini mrija mkuu wa kongosho haujatanuka. Kansa ya pale mara nyingi inaubana mrija ule mpaka unatanuka. Lakini hizo ni dalili tu. Hakuna mtaalamu wa picha duniani anaeweza kuapa kwa CT peke yake, na akiandika "kansa" kwenye ripoti bila kinyama, soma pale kama "nadhani ni kansa".

Hatua ya 6: kinyama, na hapa tukae

Njia inayopendwa zaidi ni endoskopi yenye utrasaundi kwenye ncha, inaingia mdomoni mpaka tumboni, na sindano inapita ukuta wa tumbo la chakula inafika kwenye kongosho pale nyuma. Mashine hiyo ni adimu kwetu, ni ya kuulizia hospitali kubwa. Njia ya pili ni sindano kupitia ngozi ya tumbo huku inaongozwa na utrasaundi au CT. Ya tatu ni kuingiza kamera tumboni kwa tundu dogo, au operesheni. Kanuni ni kuchukua kinyama pale ambapo ni rahisi na salama: kuna mtoki wa shingoni anza na wa shingoni, kuna mitoki ya tumboni inayofikika chukua hiyo, kongosho lenyewe liwe la mwisho kama kwingine kumeshindikana. Kabla ya sindano yoyote ya ndani damu ipimwe inavyoganda, hasa kwa mwenye macho ya njano, kwa sababu nyongo ikibanwa vitamini K inapungua na damu inakuwa nyepesi.

Sasa sikiliza hili. Kinyama kikichukuliwa huwa kinatumbukizwa kwenye kikopo cha fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kinapelekwa patholojia, maabara inayosoma kinyama kwa hadubini. Fomalini inaua kila kitu. Mdudu alielowekwa fomalini haoti tena, kwa hiyo kuotesha, yaani kumlisha mdudu maabara mpaka azaliane aonekane, haiwezekani, na GeneXpert ya kinyama cha fomalini haiaminiki. Ina maana mgonjwa amesafiri, amelala wodini, amechomwa sindano ya kongosho, ndugu wamechangishana, afu kipimo ambacho kingetoa jibu la TB kimeuliwa kwenye kikopo. Na kurudia sindano ya kongosho sio kitu cha kumwambia mtu kirahisi.

Kwa hiyo vikopo VIWILI, siku zote. Kimoja fomalini kwa mpatholojia. Cha pili kikavu, kisafi, kisicho na vijidudu, weka maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kidogo tu ya kukilowesha kinyama kisikauke, hiki ni cha GeneXpert na kuotesha. Andika jina, tarehe, na neno HAKUNA FOMALINI kwa herufi kubwa. Kikae kwenye kibaridi chenye barafu, nyuzi 2 mpaka 8, kisigande, kifike maabara mapema iwezekanavyo. Kutoka Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo usafiri wa sampuli upangwe na mratibu wa TB na ukoma wa wilaya KABLA ya sindano kuchomwa, maana wao ndo wana utaratibu wa kupeleka sampuli maabara zenye GeneXpert na zile za kuotesha, mpaka maabara kuu ya TB iliyoko Dar.

We ndugu wa mgonjwa usiogope kuongea. Mfuate daktari kwa adabu kabla ya siku ya kipimo, sema hivi: "Daktari shikamoo, tunaomba kinyama kikichukuliwa, kipande kingine kiwekwe kwenye maji ya chumvi bila fomalini, kipimwe GeneXpert na kioteshwe kwa ajili ya TB." Hakuna daktari muungwana atakaechukia. Hata siku ya operesheni yenyewe sentensi hiyo inafaa, mwambie na muuguzi wa chumba cha upasuaji, kwa sababu yeye ndo anashika vikopo.

Hatua ya 7: kusoma majibu

GeneXpert inatoka ndani ya masaa mawili hivi mashine ikishawekwa sampuli. Ikisema TB imeonekana na hakuna usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, hiyo ni TB, anza kujipanga na dawa. Ikisema kuna usugu, huyo anahamia kwenye mpango wa TB sugu, mratibu wa wilaya aambiwe siku hiyo hiyo. Kuna jibu linakuja kwamba wadudu ni wachache mno na usugu haujulikani, kwenye kinyama cha mtu ambae hajawahi kutibiwa TB jibu hilo lichukuliwe kwa uzito, usilitupe. Ikisema hasi, haijafuta TB. Kinyama cha kongosho kinakuwa na wadudu wachache, kwa hiyo hasi inatokea sana.

Patholojia ukiona wameandika granuloma, yaani vinundu vidogo vya seli za kinga, zenye katikati iliyooza kama jibini, kwa mtu wa Kigoma au Tabora TB inakuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha, hata kama ile rangi ya kutafuta wadudu imetoka hasi, maana kwenye kinyama rangi ile inakosa mara nyingi. Kwa mwenye kinga iliyoshuka sana granuloma zinaweza zisijengeke vizuri, hapo wadudu ndo wanakuwa wengi. Kuotesha kunachukua mpaka wiki 6 kwenye chakula cha maji na wiki 8 kwenye kile kigumu, usimsubirishe mgonjwa mwenye ushahidi mwingine, ila jibu lifuatiliwe mpaka lipatikane kwa sababu ndo litasema aina ya mdudu na dawa zinazomshinda. Akiwa ni yule wa ng'ombe, pirazinamidi haimfanyi kitu tangu kuzaliwa kwake, na daktari atapanga dawa na muda kwa kujua hilo.

Hatua ya 8: majibu yakitoka hayasemi kitu

Hii ndo hali ngumu. Kinyama kinasema "seli za kawaida, hakuna kansa, hakuna TB". Usifurahi haraka, kansa ya kongosho inakuwa na makovu mengi na sindano inaweza kupita pembeni yake. Rudi nyuma uone kama kuna sehemu nyingine ya kuchukua, mtoki, maji, makohozi mapya, LAM. Fikiria pia limfoma (kansa ya mitoki), kongosho lililovimba muda mrefu kwa pombe, na ule uvimbe wa kongosho unaotokana na kinga ya mwili. Ikibidi sindano irudiwe, irudiwe, na vikopo viwili.

Kuanza dawa za TB kwa kujaribu, bila ushahidi wa maabara, kunafanyika, lakini ni uamuzi wa daktari bingwa na familia wakiwa wamekaa pamoja, sio wa duka la dawa, na uwe na tarehe ya kuangalia tena. Kijana mwenye homa, mitoki yenye katikati peusi, anaishi na VVU, hawezi kusafiri, huyo naelewa. Mzee wa miaka 65 hana homa, njano inaongezeka, mrija umetanuka, huyo ukimweka miezi miwili kwenye dawa za kujaribu unaweza kuwa umempotezea nafasi ya upasuaji.

Hatua ya 9: dawa zimeanza, uchunguzi haujaisha

Kawaida ni miezi 2 ya dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, afu miezi 4 ya mbili za kwanza, kipimo kwa uzito, bure, na mgonjwa anaandikishwa kwenye rejista ya TB. Mkojo na machozi yatakuwa rangi ya machungwa, ni rifampisini, usitishike. Tatu kati ya hizo nne zinaweza kuumiza ini, kwa hiyo mwenye njano ya kubanwa nyongo apimwe ini kwanza, na mara nyingi mrija unazibuliwa au kuwekewa kimpira kabla. Njano ikianza upya akiwa kwenye dawa arudi kituoni mara moja. Mwenye VVU ARV zianze ndani ya wiki 2 kama daktari hajaona sababu ya kuchelewesha, na ajue mitoki inaweza kuvimba kidogo au homa ikarudi kinga inapoamka, aje aonekane, asiache dawa.

Kama TB iko kwenye kongosho tu na mapafu yamepimwa ni salama, mgonjwa haambukizi kwa kula sahani moja wala kulala chumba kimoja, msimtengee kikombe. Ila wote wa nyumba hiyo wachunguzwe, kwa sababu kama haikutoka kwenye maziwa mabichi, TB yake ilitoka kwa mtu.

Homa inatakiwa ishuke ndani ya wiki za mwanzo, hamu ya kula irudi, uzito uanze kupanda kwenye ile namba ulioandika siku ya kwanza. Baada ya miezi 2 rudia utrasaundi au CT, mahali pale pale ikiwezekana ili wafananishe na picha ya zamani, kwa hiyo CD na filamu zikae nyumbani mahali pakavu. Uvimbe ukiwa umepungua endelea mpaka umalize. Ukiwa umebaki vile vile au umekua, na mgonjwa anazidi kukonda, mambo ni matatu, TB sugu, mdudu mwingine, au ni kansa kweli, na kansa na TB zinaweza kukaa kwa mtu mmoja pia, kwa hiyo mrudishe kwenye hatua ya 6 wiki hiyo hiyo, na vikopo vyake viwili.